Kichura Hamsini

"Ishirini na nne," nikasema, na mdogo wangu akaruka. "Ishirini na sita."

Mwalimu wa zamu alikuwa ameegemea ukuta wa darasa la tatu, fimbo kaibana kwapani, anaangalia kucha zake. Nilidhani hasikilizi. Shule nzima ilikuwa mstarini, na jua lilikuwa limeshatoka upande wa milimani. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa mbele yao wote, mikono imeshika masikio, sketi imejaa vumbi la uwanja.

"Rudia," mwalimu akasema.

"Ishirini na sita, mwalimu."

"Kabla ya hapo."

"Ishirini na nne."

"Katikati hapo hamna kitu? Au ndivyo mnavyohesabu samaki huko kwenu, mmoja unamficha?"

Watoto wakacheka. Nami kidogo nicheke, kwa woga tu, maana mwalimu akitania wewe unacheka. Akaitoa fimbo kwapani akaniashiria kwa ncha yake.

"Anza moja."

Mdogo wangu hakumwangalia mwalimu. Aliniangalia mimi. Macho yake yalikuwa ya njano, yalikuwaga hivyo siku nyingi, na jasho lilikuwa linamchirizika mpaka kidevuni ingawa asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Alikuwa na miaka tisa. Mimi kumi na moja.

Nikasema moja.

Hapo ndipo pananirudia kila siku. Kuna mambo yaliyotangulia na kuna mengi yaliyofuata, na nitayaeleza, lakini mtu akiniuliza nini kilitokea, jibu ni hilo: mimi kaka yake nilifungua mdomo nikasema moja, naye akaruka.

Majina siandiki. Siyo kwa kuogopa. Waliosoma shule ile watawajua hawa watu kwa vyeo vyao tu, na wenyewe watajijua. Mimi ni fundi baiskeli, niko hapa Kiabakari, darasa la nne sikulimaliza. Naandika kama ninavyoongea.

Kijiji chetu kiko kwenye ile rasi, Musoma Vijijini, ziwa liko huku na ziwa liko kule. Baba alikuwa anavua, mama analima mihogo na mtama. Mama hakuwa mtu wa pale. Aliolewa akitokea Bugwema, na watu wa ukoo wa baba walikuwa wakimwita hivyo hivyo, "huyu wa Bugwema", hata baada ya watoto watatu.

Mdogo wangu alianza kuumwa akiwa bado anatambaa. Vidole vya mikono na miguu vilikuwa vinavimba kama ndizi, analia siku mbili, tatu, halafu vinarudi kama havijawahi kuvimba. Akikua ikawa magoti, viwiko, kiuno, na kifua mara chache. Halafu anapona. Akipona ni mtoto kama wengine, anaruka kamba, ananipokonya samaki wangu wa furu kwenye sahani akijua sitampiga. Mwezi haujaisha, inamrudia. Jina la ugonjwa hatukuwa nalo. Zahanati walisema malaria, wakasema baridi yabisi, na mwisho wakawa hawasemi kitu kwa sababu hata dawa ya kutoa haikuwepo. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, nchi imekauka. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, mganga wa zahanati anakuandikia karatasi ya dawa na yeye mwenyewe anajua hutaipata popote kuanzia hapo mpaka Musoma.

Kwa hiyo sisi ugonjwa tuliuita kwa ki-ga chetu, ile -ga tunayoichomeka mwisho wa neno. Anaumwaga. Watu wa kwetu wanaelewa. Ukisema mtoto anaumwa, maana yake yuko kitandani sasa hivi. Ukisema anaumwaga, maana yake ugonjwa uko ndani yake muda wote, unakuja na kuondoka, leo unaweza kumwona anacheka lakini usimpe kazi nzito. Neno moja tu na kila mtu anajua afanye nini. Jirani akimtuma maji, mama anasema huyo anaumwaga, na jirani anamtuma mwingine. Hakuna aliyekuwa anauliza zaidi.

Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza, mama alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Mimi nilikuwepo, nimemshika mdogo wangu mkono. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa huku huku kwetu, lugha yetu anaijua, na alimsikiliza mama vizuri kabisa. Mama akamweleza kwamba mtoto anaumwaga, akikimbia sana inamrudia, akinyimwa maji inamrudia, baridi ikimpiga inamrudia. Yeye mwenyewe alikuwa ameyaona hayo kwa kumlea tu, hakuna daktari aliyemwambia. Mwalimu mkuu akasema, mama, usiwe na wasiwasi, nitaliweka kitabuni. Akachukua kalamu. Sikuona kama aliandika. Nilimwona anachukua kalamu.

Huyo ni wa kwanza ninayemtaja.

Wa pili alikuja mwaka uliofuata. Mwalimu wa nidhamu, kijana, mrefu, amenyoosha suruali kwa pasi mpaka unaona mstari. Alitokea mikoa ya pwani na Kiswahili chake kilikuwa kama cha redioni. Sisi tulikuwa tunakiongea kwa kukigongagonga, na ki-ga chetu tunakichomeka kila mahali: nilikuwaga, tunaendaga, hanaga. Yeye alikuwa hakipendi. Alikuwa anamsimamisha mtu darasani anamfanya arudie sentensi mpaka ki-ga kitoke. "Mnaongea kama mtu anakohoa," alikuwa akituambia. Tulicheka. Hata tulimpenda, nisidanganye. Aliongeza mpira, akatufundisha kukimbia kwa kupokezana kijiti, akatuahidi kwamba watakaochaguliwa watakwenda kushindana Musoma mjini na watapewa jezi.

Na alileta kichura. Kabla yake tulikuwa tunachapwa tu, mbili za matakoni, mambo yameisha, unarudi kukaa. Yeye alisema fimbo ni ya watu wa zamani, mazoezi yanajenga mwili na kuadhibu kwa pamoja. Umechelewa, pushapu. Umesahau daftari, unazunguka uwanja mara kumi na matofali mikononi. Umeongea kilugha, unatembea kwa magoti kutoka mlingotini mpaka chooni, na njia ile ilikuwa na kokoto. Kichura ndicho kilikuwa kikubwa: unachuchumaa, unashika masikio, unaruka, unatua umechuchumaa, unaruka tena. Kumi tu mtu mzima anahisi mapaja yanawaka. Yeye alikuwa anaanzia ishirini.

Kila asubuhi, kabla ya mstari, tulikuwa na mchakamchaka. Rimu ya gari inagongwa, tunatoka kwa nyimbo mpaka barabara ya ziwani na kurudi. Mwalimu wa nidhamu akiwa zamu, watano wa mwisho wanaitwa mikia, na mikia wanaruka kichura mbele ya wote. Wiki ya kwanza tu nikaelewa kwamba mdogo wangu atakuwa mkia kila siku. Kwa hiyo nikaweka utaratibu. Nilikuwa nakimbia naye nyuma, pole pole, na tukikaribia shule namsukuma mbele yangu, na natafuta wengine wanne nawazuia kwa vituko. Naangukia mtu, namvua mtu kofia. Mkia nakuwa mimi. Mwaka mzima karibu, mapaja yangu yalikuwa magumu kama ya ng'ombe wa kulimia. Mwalimu alikuwa ananiita bingwa wa mikia. Yeye mdogo wangu alikuwa akinisubiri nikimaliza na ananipangusa vumbi la kaptula.

Sasa hii ndiyo sehemu yangu, na naisema kabla sijaendelea kuwataja wengine.

Wiki ile mwalimu alisema anachagua wakimbiaji wa kwenda Musoma, na atachagua kwa kuangalia mchakamchaka, watakaofika mbele. Niliitaka ile jezi. Sikuwa na shati zaidi ya lile la shule, na la shule lilikuwa limechanika mgongoni, mama kalishona kwa uzi wa nyavu. Na mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuumwa, siku nne amelala, jana yake tu ndiyo alianza kula. Mama alitaka abaki nyumbani. Yeye akakataa, walikuwa na mtihani wa hesabu, na hesabu alizipenda. Njiani nikamwambia, leo kimbia na wenzako wa darasa la pili, ukichoka tembea, hakuna atakayeona. Akasema sawa kaka.

Nikakimbia. Nilifika wa tatu shule nzima. Nilikuwa nimesimama mlingotini nahema, nimefurahi, namtafuta mwalimu kwa macho aone ni mimi, ndipo nikawaona mikia wanaingia. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho kabisa, peke yake, anatembea na mkono kiunoni kama mwanamke mzee.

Wale wanne wengine waliruka zao ishirini wakamaliza. Yeye alichuchumaa, akaruka tatu, akakaa chini.

Mimi nikatoka mstarini. Hakuna mtu aliyekuwa anatoka mstarini bila kuitwa. Nikaenda nikasimama mbele ya mwalimu, nikaunganisha mikono nyuma kama tulivyofundishwa.

"Mwalimu, huyu ni mdogo wangu. Anaumwaga."

"Anamwaga nini?"

Sikumwelewa.

"Nakuuliza, anamwaga nini? Uji? Maji?" Akaugeukia mstari. "Bingwa wa mikia anasema dada yake anamwaga."

Mstari mzima ukacheka. Nikasema tena, kwa haraka, anaumwaga mwalimu, anaumwaga.

"Kiswahili," akasema. Hakuwa na hasira. Ilikuwa kama darasani, alikuwa ananisahihisha. "Sema, anaumwa."

Nikasema anaumwa.

Akainama mbele ya mdogo wangu, mikono magotini, sauti ya upole kabisa. "Binti. Unaumwa?"

Na mdogo wangu, ambaye hakuwa na uwongo, akafikiri. Alikuwa amechoka, miguu haina nguvu, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa umeondoka juzi na asubuhi ile ulikuwa haujarudi. Aliulizwa swali la sasa hivi akajibu la sasa hivi.

"Sasa hivi hapana, mwalimu."

Mwalimu akasimama wima. "Umesikia? Mwenyewe anasema haumwi. Kwa hiyo wewe ni mwongo, na yeye ni mvivu. Sasa ataruka hamsini, na wewe utahesabu, ili nione kama unajua kusema ukweli hata kwa namba."

Nimelifikiria hilo miaka mingi kuliko jambo lolote. Ugonjwa wote wa yule mtoto ulikuwa ndani ya ki-ga. Alipokitoa, akabaki na mtoto mzima.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilimwangalia, na najua alinisikia, maana uwanja ulikuwa kimya na ofisi iko pale pale. Neno anaumwaga yeye halikumpita. Ni neno la mama yake pia. Nilisubiri aseme kitu. Akanywa chai, akaingia ndani.

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Nilihesabu pole pole ili apumzike katikati, mwalimu akanipigia fimbo ukutani, ta, ta, ta, nifuate mwendo. Alipofika kumi na tano akaanza kutua kwa mikono. Kumi na tisa akasema, siyo kwa nguvu, "Kaka, magoti." Nikaendelea. Ishirini na mbili, ishirini na tatu. Nikaona hamsini hazifikiki, na akili ya mtoto ikaniambia nikiiba moja moja zitapungua. Nilipanga kuiba ishirini na tano, halafu thelathini, halafu thelathini na tano. Niliiba moja tu.

Anza moja.

Mara ya pili alifika kumi na saba. Hakulia. Alikaa tu akaegemea mkono, akaomba maji. Mwalimu akasema maji ni baada ya adhabu. Nikasema kumi na nane mbele ya mtoto aliyekaa chini, nikasema kumi na tisa, sijui nilikuwa namhesabia nani. Mwalimu akaangalia saa yake akaona kipindi kinachelewa, akasema zilizobaki atazimalizia kesho. Wakaingia madarasani.

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Ni njia ya nusu saa, na alikuwa mwepesi. Nilipomwambia samahani akasema, "Ungesema ishirini na tano, kaka. Zilikuwa zimebaki nusu." Alikuwa anapiga hesabu.

Mchana ule ikamrudia. Magoti kwanza, halafu mgongo, halafu kifua. Siku ya pili akawa anahema kwa kifupi kifupi kama samaki aliyetupwa kwenye mtumbwi. Zahanati wakasema mpelekeni Musoma. Siku ya tatu asubuhi baba akamfunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa kanga ya mama, akasukuma, mama upande mmoja, mimi upande mwingine, mpaka barabara kubwa ambako malori ya pamba yalikuwa yakipita. Tulikaa pale. Watu wengine walikuwepo wanasubiri tangu jana yake, wakatuambia dizeli hakuna, labda jioni. Mama alimpakata. Alikuwa akiomba maji na tunampa, anakunywa, anaomba. Jua lilipofika utosini akaacha kuomba. Baba ndiye aliyeona, akamwambia mama, nipe nimshike, na mama akasema hapana, amelala.

Lori halikuja siku ile.

Shuleni walikuja kwenye mazishi. Mwalimu mkuu alizungumza, akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, akasema homa za msimu ule zimeleta majonzi katika nyumba nyingi. Homa. Mwalimu wa nidhamu alisimama nyuma na suruali yake yenye mstari. Alinipa mkono. Niliupokea. Nilikuwa mtoto, mwalimu akikupa mkono unaupokea kwa mikono miwili.

Baada ya matanga ukoo wa baba ulikaa. Walimuuliza mama kuhusu kwao, nani aliumwaga hivi huko Bugwema, na mama, kwa kuwa naye hakuwa na uwongo, akawaambia kwamba kuna mtoto wa kaka yake aliyekufa mdogo. Basi. Wakasema ugonjwa umekuja na damu ya huyu mwanamke, na huyu aliyekufa si wa mwisho. Mama akasema mtoto alirushwa kichura. Wakamjibu kwamba watoto wote wanarushwa kichura na hawafi. Wakaniuliza mimi, wewe si uliruka mwaka mzima, umekufa? Nikasema hapana. Baba hakufungua mdomo. Mwezi ule ule mama alirudishwa kwao, kadogo ketu ka mwisho mgongoni, na mimi nikamfuata. Shule ya Bugwema walitaka barua ya uhamisho. Nilirudi kuiomba kwa mwalimu mkuu, akaniambia kwenye kitabu chake mimi nimeandikwa mtoro, na mtoro hapewi uhamisho mpaka atumikie adhabu.

Akaniambia adhabu yenyewe, kichura. Nikaondoka bila barua. Ndiyo mwisho wa shule yangu.

Sasa niruke miaka. Ruksa ilikuja, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, mitumba, matairi ya baiskeli kutoka China na India. Nilijifunza ufundi Bunda, nikahamia Kiabakari, nikaoa mapema. Mtoto wangu wa kwanza alipofika mwaka mmoja, vidole vyake vikavimba. Siwezi kueleza nilivyokaa nikiviangalia vile vidole. Nilimchukua siku hiyo hiyo mpaka hospitali Musoma, na daktari mmoja kijana akatoa damu yetu wote watatu. Akatuita mimi na mke wangu, akatukalisha. Akasema ni siko seli. Nikamuuliza inatoka upande wa nani. Akanionyesha vidole viwili vya mikono miwili, akavigusanisha.

"Huku moja, huku moja," akasema. "Baba peke yake hawezi kumpa mtoto huu ugonjwa. Mama peke yake hawezi. Lazima wote wawili."

Halafu akanipa masharti. Maji muda wote. Baridi hapana. Na asilazimishwe kukimbia au mazoezi ya nguvu mpaka achoke kupita kiasi, hasa akiwa ametoka kuumwa. Nikamuuliza, akilazimishwa? Akasema, anaweza kufa. Alikuwa anaandika huku anasema, hakuniangalia.

Masharti yale yale ya mama. Neno kwa neno.

Nilikuwa nanunua spea Bunda kila mwezi. Miezi michache baada ya hapo nikasikia kuna duka jipya Kabasa lina cheni nzuri, nikaenda. Nyuma ya kaunta alikuwa yeye, mwalimu wa nidhamu. Aliacha ualimu ile miaka serikali ilipopunguza watu, akaoa huku huku, akafungua duka. Alikuwa amenenepa. Mimi hakunitambua. Aliinuka kunitafutia cheni, akashika kaunta, akakunja uso.

"Samahani fundi," akasema. "Miguu inaniumaga sana siku hizi."

Nikamwambia arudie.

"Miguu. Inaniumaga. Leo nzuri, kesho siwezi kusimama."

Alikuwa ameishi na sisi miaka mingi mno. Alikuwa anaongea kama sisi, na hata hakujisikia. Nikaacha habari ya cheni nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia mdogo wangu ni nani, nikamtajia asubuhi ile, mlingoti, ukuta wa darasa la tatu. Nilimwambia, "Shikamoo mwalimu," kwanza, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Akasema, "Wengi walikuwa wanaruka, kijana wangu. Simkumbuki mmoja mmoja."

"Nilikwambia anaumwaga."

"Labda ulisema."

"Ukaniuliza anamwaga nini."

Hapo nikaona kitu kinapita usoni kwake. Alikumbuka. Ninaapa alikumbuka, labda si mtoto, lakini utani wake aliukumbuka. Akakaa kwenye kiti pole pole. Halafu akasema maneno ambayo nimeyasikia baadaye kwa watu wengi wa umri wake, kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa, hata yeye aliruka kichura kwao na hakufa, na kwamba nidhamu ile ndiyo iliyotufikisha tulipofika. Nikamuuliza mimi nimefika wapi. Akaangalia mikono yangu yenye grisi. Mteja mwingine akaingia, akauliza bei ya taa, na yeye akamjibu kwa furaha kama mtu aliyeokolewa. Nikatoka. Sikumpiga. Watu wananiuliza kwa nini sikumpiga. Alikuwa mwalimu wangu.

Yule daktari alivyonieleza, nilikwenda Bugwema nikamweleza mama. Nilimwonyesha vidole viwili, huku moja, huku moja. Nikamwambia mama, siyo damu yako peke yako, na mtoto aliuawa na kichura na kiu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Wewe ni mwanangu. Utasema lolote la kunipoza." Nimemrudia mara nyingi tangu hapo, nimemletea hata karatasi ya hospitali. Jibu ni lile lile. Kwake yeye, wakubwa walikaa wakahukumu, na mtoto wake mwenyewe hawezi kutengua. Baba amekufa, wazee wale wa ukoo wamekufa. Mama ana umri mkubwa sasa, na kila anaposikia mjukuu yeyote ana homa anauliza kama ni ile damu yake.

Kwa hiyo silalamiki tu. Nina ninachodai.

Wewe mwalimu wa nidhamu, bado uko Kabasa, wajukuu wako ndio wanauza dukani, na hiyo miguu inakufikisha kanisani, nimeambiwa. Wewe mwalimu mkuu, uko Musoma mjini, mzee wa kanisa, unasimamia ndoa za watu. Nataka mje Bugwema, nyumbani kwa mama, mchana, majirani wakiwepo. Mwalimu mkuu aseme kama aliandika kitabuni au aliishika kalamu tu, na kwa nini aliingia ndani na kikombe chake. Mwalimu wa nidhamu aseme aliambiwa nini, akauliza nini, na zilikuwa ngapi, zile ishirini na nne na zile kumi na saba, na maji aliombwa na nani. Aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto hakuuawa na damu ya mtu. Na mimi nitasimama hapo hapo niseme kuhusu jezi, na kwamba ni mimi niliyesema moja.

Msinijibu mimi, mimi sina ninachokosa kujua. Mjibuni mama, na msichelewe. Sikio lake la kushoto halisikii tena, kaeni upande wa kulia, na mseme kwa sauti.